Jasho Si Kipimo cha Presha



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa simu, wengine mkinivuta kando baada ya ibada. "Mchungaji, mimi natokwa jasho jingi kupita kiasi. Hii si presha kweli?" Na wapo walioniuliza kinyume chake: "Mchungaji, mimi jasho halinitoki, kichwa hakiniumi, nalala vizuri. Sasa hivi vidonge vya presha naendelea kumeza vya nini?"

Maswali haya mawili yamezaliwa na mama mmoja. Yote yanadhani kwamba jasho linaweza kukuambia presha yako iko wapi. Ndugu yangu, dada yangu, haliwezi. Unaweza kulowa kama umetoka mtoni na presha yako ikawa sawa kabisa. Unaweza kuwa mkavu kama jiwe la Tsavo na presha yako ikawa inakuua polepole.

Mimi si daktari, wala sitaki mtu aache daktari wake kwa sababu ya maneno ya mchungaji. Ninayoandika hapa ni yale ambayo wauguzi na madaktari hufundisha kila siku. Lakini nimekaa na watu wangu vya kutosha kujua kwamba kuna neno mtu hulisikia likitoka kwa mchungaji ambalo kwenye foleni ya hospitali lilimpita.

Tuanze na mji wetu. Sisi wa Voi tunajua jasho. Mwezi wa pili na wa tatu, kabla mvua za masika hazijafika, mabati ya kanisa yanawaka mpaka hata mwenye kupiga kinanda anatafuta mahali pa kuweka leso. Mgeni akishuka kutoka Wundanyi, ambako asubuhi watu wanavaa sweta, akifika hapa kwetu kwenye tambarare anadhani ameingia ndani ya tanuri. Mungu aliumba mwili na akauwekea kipoozeo chake. Ngozi ya mwanadamu ina tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne. Ubongo ukiona joto limepanda, unatuma damu nyingi karibu na ngozi na kuzifungua tezi hizo. Jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Hiyo ni rehema ya Mungu, wala si ugonjwa.

Biblia inalitaja jasho mara chache sana, na nikizisoma sehemu hizo naona kila moja ina jasho la aina yake.

Ya kwanza ni Mwanzo 3:19. Pale Adamu anaambiwa kwamba chakula chake atakipata kwa jasho. Hilo ni jasho la kazi. Ni jasho la anayekata mkonge kule Mwatate, la kijana anayechimba vito upande wa Kasigau, la mama anayepanga mboga juani kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mtu wa kazi nzito kwenye joto anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja, hata zaidi. Jasho hilo halimaanishi presha. Linamaanisha kunywa maji.

Ya pili ni Ezekieli 44, mstari wa 18. Makuhani wanaohudumu ndani wanaagizwa mavazi ya kitani, na wanakatazwa kujifunga kitu cha kuwatoa jasho. Mimi huucheka huo mstari kwa furaha, kwa sababu wachungaji wa pwani na wa Taita tumeamua kuvaa suti ya vipande vitatu saa saba ya mchana. Hilo ni jasho la mavazi na joto. Dawa yake ni shati la pamba na dirisha lililofunguliwa.

Ya tatu ni Luka 22:44, pale Gethsemane. Bwana wetu anaomba akiwa katika uchungu mkuu, na jasho lake linadondoka chini kama matone ya damu. Kati ya Injili nne, ni Luka pekee aliyeandika habari ya jasho lile, na Paulo anatuambia katika Wakolosai 4:14 kwamba Luka alikuwa tabibu. Tena Yohana 18:18 inasema usiku ule kulikuwa na baridi, watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa waote. Kwa hiyo halikuwa jasho la joto. Lilikuwa jasho la dhiki. Mtu akiwa na hofu kuu, uchungu au maumivu, mishipa ya fahamu inaufungulia mwili wote kengele ya hatari: moyo unaenda mbio, presha inapanda kwa muda, na jasho linatoka hata kwenye baridi.

Hapo ndipo jasho na presha hukutana. Si kwamba presha inazaa jasho. Ni kwamba jambo moja linaweza kuvigusa vyote viwili kwa pamoja, na jambo hilo ndilo la kutafutwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa kuna uhai wa mtu.

Kanisani kwetu tulimwalika mhamasishaji wa afya wa mtaa, mmoja wa wale waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na serikali tangu mwaka 2023, yenye mashine ya presha na ya sukari. Tulipanga viti nyuma, watu wakakaa kwanza. Mimi nilikuwa nimehubiri zaidi ya saa moja. Shati lilikuwa limenigandama mgongoni, leso ya pili imelowa. Akina mama wakaanza kunihurumia: "Huyu mchungaji presha itamwangusha siku moja." Nikapumzika, nikanywa maji, nikapimwa. Ilikuwa 124 kwa 78.

Aliyekaa baada yangu ni mzee wetu mmoja wa kanisa. Yeye ni mwembamba, mtulivu, sijawahi kuona tone la jasho kwenye kipaji chake hata kiangazi. Alikaa kwa sababu tu wengine walikuwa wamekaa. Mashine ikasoma 182 kwa 104. Akacheka, akasema mashine imechoka. Akapumzishwa, akapimwa tena, karibu ile ile. Jumatatu binti yake alimpeleka hospitali ya rufaa ya kaunti, hii ya Moi hapa Voi, na leo anameza dawa kila siku. Ameniruhusu niwaambie, mradi nisitaje jina. Alisema: "Mchungaji, waambie. Mimi sikuwa nahisi kitu chochote."

Hilo neno lishike. Hakuwa anahisi kitu chochote. Ndiyo tabia ya presha. Wengi walio nayo hawana dalili hata moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Kanisa lenye watu wazima mia moja lihesabu hapo.

Ile namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Namba ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, basi umefika kwenye presha ya kutibiwa. Ikipita 180 kwa 120, na una maumivu ya kifua, au kichwa kinapasuka, au macho hayaoni vizuri, au upande mmoja wa mwili umelegea, usingoje ibada iishe. Nenda hospitali saa ile ile.

Na ukipimwa, pimwa vizuri. Usikimbie kutoka kwenye bodaboda ukanyoosha mkono. Kaa dakika tano, egemea kiti, miguu chini, usikunje nne, mkono uwe sawa na moyo, usizungumze. Haja ndogo uwe umeimaliza. Kahawa na sigara viwe mbali, hata kama sigara mchungaji hajui kwamba unavuta.

Sasa turudi kwa wewe unayetokwa jasho kupita wenzako. Sikuambii upuuze. Nakuambia usilipe jina la presha kabla hujalichunguza, kwa sababu ukilipa jina lisilo lake, utatafuta dawa isiyo yake.

Wapo vijana wanaolowa viganja, makwapa na nyayo tangu utotoni, pande zote mbili sawasawa, na wakilala jasho linakoma. Mara nyingi hata mzazi wake alikuwa hivyo. Hiyo ni tezi kufanya kazi kupita kiasi, na ina matibabu. Kijana wangu unayekwepa kusalimiana mkono kanisani, unayeogopa kuinua mikono wakati wa kuabudu kwa sababu ya shati, si laana ya ukoo wala si roho chafu. Nenda kliniki, na Jumapili uje uinue mikono.

Wapo akina mama wa kuanzia miaka arobaini na kitu mpaka hamsini na kitu, joto linawapanda ghafla kutoka kifuani mpaka usoni, usiku wanatupa shuka. Mara nyingi ni mwili unaaga hedhi. Baba, usimwambie mkeo kwamba ana kiburi kwa sababu amefungua dirisha usiku. Mvumilie.

Wapo wenye jasho la usiku la kulowesha shuka, pamoja na kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa na kupungua mwili. Huyo apimwe kifua kikuu bila kuchelewa. Matibabu yake kwenye hospitali za serikali ni bure, na kinapona. Wenye homa inayopanda na kutetemesha, kisha ikishuka inaacha jasho, hasa waliotoka upande wa Taveta, wapimwe malaria.

Wapo ambao moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, wanakula vizuri lakini wanakonda, na joto hawalivumilii. Hao wachunguzwe tezi ya shingo. Ikizidisha kazi, inaleta jasho na inaweza kuipandisha ile namba ya juu. Wapo wanaokoroma na kukabwa pumzi usingizini, wakaamka wamelowa na wamechoka. Kukabwa huko huongeza presha pia. Na kuna uvimbe wa nadra kwenye tezi zilizo juu ya figo, unaomletea mtu vipindi vya kichwa kuuma sana, moyo kudunda na jasho kumwagika, presha ikiruka juu sana. Ni wachache sana, lakini ukijiona katika maneno hayo, mweleze daktari hivyo hivyo nilivyoeleza, yote matatu kwa pamoja.

Halafu kuna jasho la baridi. Hili nakuomba ulikariri kama unavyokariri mistari.

Jasho la baridi pamoja na kifua kubanwa, au maumivu yanayokwenda kwenye mkono, taya au mgongo, au kukosa pumzi, linaweza kuwa ni moyo. Mwenye sukari au mwanamke anaweza asipate maumivu makali, akahisi tu uchovu mkubwa, kichefuchefu na jasho. Usimpe maji ya chumvi. Usimlaze ukasubiri apate nafuu. Tafuta gari.

Jasho la baridi kwa mtu wa sukari anayemeza dawa au kuchoma sindano linaweza kuwa ni sukari imeshuka. Tulikuwa kwenye kesha, watu wamefunga tangu asubuhi. Karibu saa nane ya usiku dada mmoja akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Wengine wakaanza kukemea kwa sauti. Muuguzi mmoja wa ushirika wetu akapita katikati ya watu, akamshika mkono, akauona ni baridi na umelowa, akauliza: "Huyu si ana sukari?" Nikawanyamazisha watu. Maadamu alikuwa bado anaweza kumeza, akapewa chai yenye sukari nyingi. Baada ya robo saa alikuwa anauliza kwa nini wote tunamtazama. Tulimalizia kwa kumshukuru Mungu, na tangu usiku ule mwenye sukari au presha kanisani kwetu hafungi kabla hajazungumza na daktari wake. Mungu haongezewi utukufu na mtu aliyezimia.

Wewe unayemeza dawa za presha, hasa zile za kukojosha, una neno lako pia. Kwenye joto la huku chini, mishipa inapanuka na jasho linachukua maji na chumvi. Dawa nayo inatoa maji. Presha inaweza kushuka mno, ukasimama ghafla kwenye wimbo wa sifa, giza likaingia machoni. Kunywa maji siku nzima, isipokuwa kama daktari amekupimia kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Simama taratibu. Ukihisi kizunguzungu mara kwa mara, rudi kliniki wakurekebishie dozi. Usijirekebishie mwenyewe kwa kuacha.

Na usidanganyike kwamba jasho linatoa chumvi, basi presha inaisha. Nimesikia hilo mara nyingi, mtu anajifunika blanketi au anakimbia juani ili "atoe presha". Mazoezi ni mema, kutembea ni kuzuri, lakini faida yake haiko kwenye jasho. Iko kwenye moyo unaozoezwa siku baada ya siku. Chumvi nayo ipunguze kwenye sufuria: kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Sasa naja kwenye lililonifanya niandike.

Nimewahi kusimama kaburini, upande wa Mbololo, kumzika mama mmoja wa maombi. Alikuwa na presha ya miaka mingi. Aliombewa kwenye mkutano, na siku zilizofuata moyo ukatulia, lile jasho la usiku likakoma, akalala vizuri. Akasema nimepona. Akaweka vidonge kwenye kabati. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Hakurudi kupimwa, kwa sababu aliona kupimwa ni kumshuku Mungu. Miezi michache baadaye alianguka jikoni, kiharusi, na hakuamka tena. Watoto wake walikuta dawa kabatini, pakiti haijafunguliwa.

Mimi naamini Mungu anaponya. Nimeyaona kwa macho yangu. Lakini soma Luka 17:14. Wale wenye ukoma kumi, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na kuhani wakati ule ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunguza ngozi na kutangaza kwamba mtu ametakasika. Yesu mwenyewe hakuogopa uponyaji wake ukaguliwe. Soma tena 2 Wafalme 20. Hezekia ameshaahidiwa kuongezewa miaka kumi na mitano, ahadi ya Mungu imetoka, na bado Isaya anaagiza andazi la tini liwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa vilikaa chumba kimoja, wala havikugombana.

Kwa hiyo mtu wa Mungu, ukiombewa na ukajisikia vizuri, mshukuru Mungu, na uendelee na dawa. Nenda kapimwe. Daktari akiona presha imeshuka, yeye ndiye atakayeipunguza dozi kidogo kidogo, na huo utakuwa ushuhuda wenye karatasi. Uponyaji wa kweli haukimbii mashine.

Wiki hii nakupa kazi moja. Pimwa. Zahanati iliyo karibu nawe, mhamasishaji wa afya wa mtaa wako, hata duka la dawa lenye mashine nzuri. Andika zile namba mbili kwenye karatasi, uziweke ndani ya Biblia yako. Ukiwa na mzazi kijijini, iwe Sagalla, Bura au Wundanyi, usimuulize tu, "Mama, unaendeleaje?" Atakuambia hajambo. Muulize, "Mama, presha yako ilikuwa ngapi mara ya mwisho?" Akinyamaza, jibu umelipata.

Tuombe.

Baba, wewe uliyeumba mwili huu na kila tezi iliyo ndani yake, tunakushukuru kwa jasho la kazi na kwa mkate unaokuja nalo. Wape hekima walio na wasiwasi, na uwashtue waliolala usingizi wa afya isiyopimwa. Wabariki wauguzi na madaktari wa kaunti yetu, uwape nguvu na dawa za kutosha. Ambaye vidonge vyake viko kabatini leo, mpe unyenyekevu wa kurudi kliniki kesho. Katika jina la Yesu, amina.

Ukisema amina, basi nenda ukapimwe. Tukutane Jumapili.

Mchungaji wenu, Voi.